Marahaba ya Chemba Namba Kumi na Nne

Siku hiyo chemba namba kumi na nne haikunuka, na hapo ndipo Natalia alipaswa kugeuka arudi nyumbani.

Miaka mitatu ya kujitolea kwenye mradi wa majitaka pale Mikumi ilikuwa imeifundisha pua yake ramani yote ya mji. Chemba namba tatu, nyuma ya gesti za madereva wa malori, ilinuka bia na mikojo. Namba tisa, chini ya hoteli za watalii, ilinuka sabuni ya gharama na mafuta ya kukaangia. Namba kumi na nne ndiyo ya mwisho kabla bomba kuu halijaingia mabwawani. Ilipokea vyote hivyo, na ukiisogelea tu ilikuzaba kibao cha mji mzima.

Leo, hamna kitu. Halafu, kwa mbali, kupitia vitobo vya mfuniko, harufu ya ubani.

"Mzee, umeisikia hiyo?" aliuliza.

Mzee Octavian alikuwa akitafuta fito zake. Alikuwa fundi wa kuzibua, mtoto wa mfanyakazi wa reli kule Kilosa, mvi kichwa kizima, na alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kugusa chemba yoyote aliugonga mfuniko mara tatu kwa mtaimbo, akasema "Hodi," akauinua kiasi cha kidole kimoja, kisha akakaa pembeni na kumenya chungwa. Mpaka chungwa liishe, hakuna mtu kuchungulia.

Mwanzoni Natalia alimcheka. Yeye alikuwa na shahada ya Environmental Engineering, Upper Second, iliyowekewa laminesheni na kutundikwa ukutani kwa mama yake, ambako kazi yake mpaka sasa ilikuwa kuziba ufa. Alimweleza mzee kwamba kinachotoka humo ni hydrogen sulphide. Alimweleza kwamba gesi hiyo ikizidi inaua pua kwanza, husikii harufu tena, na kinachofuata kufa ni mwenye pua.

"Sasa si ndiyo maana nasubiri, engineer," mzee alimjibu. "Wewe ita gesi. Mimi napiga hodi. Wote wawili tunarudi nyumbani."

Leo mzee alikuwa amesahau fito za kuzibulia kwenye mkokoteni, akarudi kuzichukua hata kabla hajagonga. Saa sita na nusu mchana. Jua lilikuwa utosini, kivuli cha Natalia kimejikunja chini ya gambuti zake. Barabara kuu ilinguruma mbali. Ndipo aliposikia mtu anakohoa.

Kikohozi kilitoka chini ya mfuniko. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kile kikavu, kifupi, cha mzee wa heshima aliyeko chooni, anayekujulisha kwamba yumo ili usije ukamkuta.

Na Natalia, aliyelelewa na mama asiyerudia kufundisha salamu mara mbili, aliyetumia miaka sita kuwaamkia walinzi, makarani na maboss wa umri wake kwenye kila ofisi kati ya Kilosa na Morogoro, alifungua mdomo, neno likatoka lenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba," chemba ilijibu. "Marahaba, mwanangu. Karibu."

Jambo la aibu, ambalo hakumwambia mtu, ni kwamba kabla ya hofu ilimjia furaha. Miaka sita ya kupiga hodi na CV mkononi, na huu ulikuwa mlango wa kwanza kumwambia karibu.

Nyuma yake fito zilianguka. Mzee Octavian alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Umesema nini hapo?"

"Nimesalimia tu, mzee. Nilidhani kuna mtu."

"Umesalimiaje?"

"Shikamoo."

Mzee aliketi chini, palepale kwenye vumbi. "Hodi tunapiga ili wasogee," alisema kwa sauti ya chini. "Salamu hatuwapi. Mimi na mvi zangu zote sijawahi kuwapa hata habari za leo."

"Kina nani?"

"Wewe ukiingia choo cha shimo kwenu, unafanya nini?"

"Nakohoa."

"Na majirani zenu Waislamu?"

"Wana dua yao, wanaisoma mlangoni."

"Unadhani wanamsomea nani, nzi?" Mzee alitazama mfuniko. "Kila choo kina mwenyewe. Zamani kila jini alikaa kwenye shimo lake, hana ugomvi na mtu. Mkaja ninyi wasomi na mradi. Vyoo mia tatu, bomba moja. Ulidhani wenyewe wamehamia wapi, Dodoma?"

Natalia alitaka kucheka, akajikuta naye anautazama mfuniko.

"Sasa umemwamkia na ameitikia," mzee aliendelea. "Umemfanya mkubwa wako. Na mkubwa kwa mtoto anafanya nini?"

Natalia alijua. Kila mtoto aliyekulia huku anajua. Mkubwa anatuma.

*

Mabwawa yalikuwa matatu, yamepangana kwenye mteremko nje ya mji. La kwanza lilikuwa na kina kirefu, jeusi, halina hewa. Humo uchafu wote wa mji ulizama na kugeuka tope, juu yake umetanda utando mzito wa rangi ya kahawa, mgumu kiasi kwamba korongo walitembea juu yake. La pili lilikuwa la kijani. La tatu lilikuwa angavu, na ndege walikunywa humo. Hapakuwa na mashine wala dawa. Maji yalitembea polepole, siku ishirini na ushee kuyapita mabwawa yote matatu, na jua ndilo lililofanya kazi yote bila mshahara, sawasawa na Natalia.

Kutoka bwawa la tatu maji yaliingia mferejini, yakashuka hadi kitongoji walichokiita Mferejini, ambako mama yake, Magreti, alilima mchicha na chainizi. Mwanzoni mama aligoma. "Haya ni mavi ya watu, mwanangu."

"Yalikuwa, mama. Nimeyapima mwenyewe."

Basi mama akaamini, akawaambia na wenzake, na kitongoji kizima kikamwagilia, kikafua, na wakati wa kiangazi kikachota ya kunywa, kwa neno la Natalia peke yake. Katika maisha yake hicho ndicho kitu pekee ambacho shahada ilikuwa imezaa, naye alikilinda kama yai.

Lakini palikuwa na njia ya mkato. Kando ya bwawa la kwanza lilitoka bomba la pembeni, bypass, lililokwenda moja kwa moja mferejini bila kupita popote. Lilifungwa kwa vali yenye usukani mwekundu. Liliwekwa kwa dharura tu, ukuta ukitaka kupasuka. Tangu mradi uzinduliwe kwa ngoma na hotuba, usukani ule haujaguswa.

Kesho yake, jua utosini tena, Natalia alikuwa kwenye chujio la kuingilia anaondoa matambara kwa reki, kikohozi kikasikika kutoka bwawa la kwanza.

"Mwanangu. Hebu nifungulie hapo pembeni."

Alipojitambua alikuwa amesimama mbele ya usukani, mikono yote miwili juu yake, reki ameiacha nyuma hatua thelathini. Hakukumbuka kutembea. Alijibandua, akafanya kile ambacho watoto wote hufanya wakitumwa wasipotaka kwenda. Alijifanya hajasikia.

Siku iliyofuata alivaa earphone, muziki mpaka mwisho. Saa sita na nusu simu ilizima, na ilikuwa na chaji. Harufu ya ubani ikamfika. "Natalia," sauti iliita, na sasa ilikuwa ya mwalimu mkuu wake wa shule ya msingi, aliyezikwa Berega mwaka ambao Natalia alimaliza chuo. "Mtoto mzuri hatumwi mara mbili." Viganja vyake vilikuwa juu ya chuma cha moto kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Alijibandua tena, akakumbatia nguzo ya uzio mpaka kivuli chake kikaanza kurefuka na harufu ikapotea.

Siku ya tatu hakukuwa na upepo, korongo hata mmoja hakuwepo, na Natalia, aliyekuwa amejifunga kanga viganjani kama mtu aliyeungua, aliona utando wa bwawa la kwanza ukiinuka na kushuka taratibu, ukiinuka na kushuka kama blanketi juu ya mtu aliyelala, kisha ukiinuka mahali pawili, kisha mahali kumi, kisha mahali pengi asipoweza kuhesabu, na kutoka kila mahali palipoinuka kikohozi kikatoka, cha mzee na cha bibi, cha dereva wa lori na cha mtalii, cha kila mtu aliyewahi kufunga mlango wa choo katika mji ule na kudhani yuko peke yake, na vikohozi vyote vikaungana vikawa sauti moja ya upole, ya mkubwa asiye na haraka, ikasema kwamba inajua anachotafuta, kwamba hata choo cha ofisi ya Kilosa kina mwenyewe na mwenyewe ana masikio, kwamba barua yake ya ajira ilishasainiwa tangu Machi, iko kwenye droo ya chini ya meneja wake, Nikolaus, chini ya gazeti, na kwamba mtoto msikivu hakosi zawadi.

"Nifungulie tu, mwanangu. Nataka kushuka kwa watu."

Natalia aliuma kanga na kulia. Lakini hakufungua.

*

Mzee Octavian ndiye aliyemfuata Shehe Nassir kule Chanzuru. Shehe alikuja kwa bodaboda, kanzu imekunjwa mpaka magotini, mtu mwembamba mwenye maswali mengi. Alizunguka mabwawa yote matatu, kisha akamtaka Natalia amweleze maji yanaingiaje na yanatokaje. Natalia alimweleza kama anavyoeleza kwenye usaili. Shehe alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna jopo la usaili lililowahi kufanya.

"Basi kazi yangu mmeshaifanya," alisema. "Mimi nitasoma, lakini dawa ni hii yenu, jua na subira. Siku ishirini na moja. Kila siku tope likishuka, wao wanashuka nalo. Wakipita njia yote hii mpaka bwawa la tatu, hawatoki humo na nguvu yoyote. Ila lango lile jekundu lisifunguliwe." Alimtazama Natalia. "Na hasa lisifunguliwe na mkono wako. Wewe ndiye uliyempa ukubwa. Ukimfungulia, atakuwa mkubwa wako popote maji yatakapofika."

"Wapenda njia ya mkato si majini peke yao, ustaadhi," alisema Mzee Octavian.

Shehe alisoma mpaka alasiri. Mama Magreti alimpa fungu la mchicha, akaupokea kwa mikono miwili.

Na dawa ilifanya kazi. Wiki ya kwanza kikohozi kilipungua. Wiki ya pili utando ulitulia, korongo wakarudi. Siku ya kumi na saba Natalia alipita chemba namba kumi na nne, mji mzima ukamzaba kibao cha pua, akasimama pale akivuta pumzi za uvundo kama mtu aliyefika baharini.

Siku ya kumi na tisa alikuja Nikolaus.

Nikolaus alikuwa meneja wa mradi. Alimzidi Natalia cheo, kitambi na shangazi wa kumbeba ofisini. Umri na elimu alizidiwa. Hata hivyo alipenda kuamkiwa, na ukichelewa alisubiri.

"Shikamoo, boss," alisema Natalia, mwenye miaka thelathini na mmoja, kwa mtu wa ishirini na minane.

"Marahaba. My dear, kesho tuna wageni kutoka juu. Hili bwawa limejaa hadi mdomoni, na hoteli wanalalamika harufu."

"Limejaa tope, boss. Tope halijatolewa tangu uzinduzi. Nimeandika ripoti nne."

"Nimeziona. Fungua bypass leo, lishuke kidogo, wageni wakute pametulia. Wakiondoka unafunga."

"Maji ya hapo hayajatibiwa hata kidogo. Yanaingia mferejini moja kwa moja. Huko chini watu wanamwagilia, wanakunywa. Mama yangu yuko huko."

"Siku moja tu, Natalia. Wamekunywa mabaya kuliko hayo."

Alitaka kumwambia juu ya majini. Akaangalia lile gari lenye kiyoyozi, ile miwani ya jua, akajua habari hiyo ingefika Kilosa kabla yake: yule volunteer wa mabwawa amechanganyikiwa.

"Fungua mwenyewe basi," alisema.

"Mimi?" Nikolaus alicheka. "Mimi ni utawala. Ukifungua wewe inakuwa uamuzi wa kitaalamu. Si ndiyo mnachotaka kila siku, wataalamu wasikilizwe?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha iliyokunjika, ina doa la wino wa gazeti. "Halafu kuna hii. Ilikuwa inasubiri kuona utendaji wako."

Natalia aliifungua. Jina lake lilikuwepo, majina yote matatu, yameandikwa bila kosa. Mhudumu wa Mabwawa Daraja la Pili, mkataba wa miezi sita. Sahihi. Muhuri. Tarehe kumi na nne Machi.

Sasa ilikuwa Agosti.

Alimpigia mama yake, simu haikupokelewa. Wakati huo mama alikuwa shambani na simu aliiacha ndani. Akamwandikia: *Mama msitumie maji ya mfereji mpaka j2, waambie na wengine.* Alijua vizuri kabisa kwamba mama hasomi meseji mpaka aletewe miwani, na kwamba miwani ilivunjika tangu Pasaka. Lakini meseji ilikwenda, na akajishika na hilo.

"Natalia," Nikolaus alisema kwa upole, kama mkubwa asiye na haraka. "Nifungulie tu."

Jini lilimtuma mara tatu, na mara zote tatu alijifanya hajasikia. Nikolaus alimtuma mara moja.

Usukani ulizunguka mizunguko kumi na sita. Alitegemea mngurumo wa maji. Badala yake ndani ya bomba kulisikika watu wengi wakipita kwenye ukumbi mwembamba, wakisafisha makoo, wakiambizana taratibu wasisukumane, na kadiri walivyoteremka kuelekea bondeni, wa mbele yao wakaanza kuita, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kubwa: hodi, hodi, hodi.

"Hewa tu hiyo kwenye bomba," alisema Nikolaus, akipandisha kioo cha gari.

Mzee Octavian, aliyekuwa akitazama yote kutoka kando, alivua glavu zake, akazipanga juu ya ukuta, akachukua mtaimbo wake na mfuko wa machungwa na kuondoka bila kuaga.

*

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakasifu. Mmoja alisema mahali hapa pananukia vizuri ajabu kwa mabwawa ya majitaka. Natalia alifunga vali jioni ileile. Jumamosi saa sita na nusu mchana, barua mkononi, alishuka Mferejini kwa miguu.

Njia nzima ilinukia ubani. Mboga zilikuwa zimenawiri kuliko alivyowahi kuziona, majani mapana, meusi kwa ukijani. Hakuna mtoto aliyekuwa anacheza. Watu wazima walikuwa wamekaa vibarazani, wametulia, wamemkabili yeye, na alipopita kila mmoja alikohoa mara moja, kikavu, kifupi, kisha akangoja. Natalia alitembea macho chini, haraka, kama mtoto asiye na adabu, akiwapita bila salamu wazee waliomtawaza akiwa mdogo, Bibi Upendo, Mzee Bonifas, na nyuma yake alisikia viti vikisogezwa na miguu ikianza kumfuata, taratibu, bila ubaya wowote.

Mlango wa mama ulikuwa umerudishwa. Ndani ilisikika sufuria ikichemka jikoni, na mvuke wa mchicha ulimfika puani mtamu kama chetezo cha harusi.

"Hodi," alisema Natalia, sauti haina nguvu. "Mama? Hodi."

Ndani mtu alikohoa. Kile cha mtu anayekujulisha kwamba yumo.

"Karibu, mwanangu," sauti ya mama ilijibu. "Karibu sana. Tulikuwa tunakungoja utulete, na umetuleta."

Mlango ukafunguka. Alikuwa mama yake kweli, kanga yake ya njano, kovu lake la moto mkononi, tabasamu lake. Alisimama kizingitini wala hakumkumbatia. Alimtazama bintiye kama mzazi yeyote anavyomtazama mtoto aliyefika nyumbani, akainamisha kichwa kidogo, akangoja. Nyuma ya Natalia miguu ilisimama. Kitongoji kizima kilikuwa kinangoja neno moja.

Barua ililowa jasho mkononi mwake. Midomo ilikuwa inafunguka yenyewe.

Natalia alikuwa amelelewa vizuri.